Kupima kama sumaku ya MRI inaongeza uharibifu wa DNA kwenye tiba ya mionzi: anza na kalkuleta

Wasee, kila nikifundisha wanafunzi wa fizikia ya hospitali hapa Nairobi lazima mmoja aulize, sasa hizi mashine za mionzi za kutibu saratani zenye MRI ndani (ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku), ile sumaku si inaharibu DNA zaidi? Swali ni poa. Shida ni mtu anakimbilia simulesheni (kuigiza mionzi kwa kompyuta), laptopu inanguruma usiku mzima, halafu anatoka na jibu la kitu ambacho hakuiuliza. Fanya hivi.

Hatua ya 1: kalkuleta. Kati ya hizi mashine, Elekta Unity ina sumaku ya Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), MRIdian ya ViewRay ni 0.35. Elektroni ikipita humo inapinda, na nusu kipenyo cha duara lake kwa milimita ni 3.3 mara momenta yake (masi mara kasi, kwa lugha rahisi) kwa kipimo cha MeV/c, gawanya kwa Tesla. Elektroni yenye nishati ya MeV 1 (yaani eV milioni moja) ina momenta 1.42, so kwa Tesla 1.5 unapata kama milimita 3, hiyo ni kubwa. Sasa jaribu ya eV 100, hizi ndogo ndogo ndio zinamaliza kazi karibu na DNA: unapata maikromita 22 hivi, na DNA yenyewe ina upana wa nanomita 2. Ni kama barabara inazunguka jiji kilomita 11 kutoka Archives, wewe utembee mita moja tu halafu useme imepinda. Na hata kabla ipinde ishagongana na molekuli za maji ikasimama.

Hatua ya 2: weka dozi sawa, yaani kiasi cha nishati ya mionzi kinachoingia kwa seli. Hapa ndipo wengi huanguka, msiharakishe. Mahali mnofu unakutana na hewa, elektroni zinazotoka zinapindwa na sumaku zinarudi ndani tena, na upande mwali unapotokea dozi inaweza panda kama asilimia 40 kwa Tesla 1.5. Sasa fikiria chupa ya seli yenye hewa juu ya maji ya kulishia, ukiiweka kwa mashine na sumaku imewaka seli zinapata dozi tofauti, wewe unahesabu mikatiko ya DNA imeongezeka unaanza kuandika sumaku inakata DNA, kumbe ni dozi tu. Jaza chupa mpaka juu, toa mapovu, zungushia plastiki inayofanana na maji. Chemba ya kupimia dozi pia inasumbuliwa na sumaku, lazima uweke faktari ya kurekebisha, na hata upenyo mdogo wa hewa kando yake unaweza kuharibu kipimo.

Hatua ya 3: simulesheni. Geant4-DNA, programu ya kuigiza mionzi ikipita karibu na DNA, ni ya bure, weka Linux. Piga mara mbili, Tesla 0 na Tesla 1.5, kila kitu kingine kibaki vile vile. Mikatiko miwili kwa nyuzi zinazotazamana, ndani ya jozi 10 za besi (zile ngazi zinazounganisha nyuzi mbili za DNA), hesabu kama mkatiko wa nyuzi mbili, kisha gawanya kwa dozi iliyoingia kwenye kiini cha seli. Ukipata mikatiko 400, kosa la takwimu ni kama 20, yaani asilimia 5, so usiniletee tofauti ya asilimia 2 ukishangilia. Acha iendelee, na stima ikipotea uwe ulikuwa unasevu.

Hatua ya 4: jua haukuuliza nini. Hii ndio napigia kelele. Kwa mionzi ya fotoni (kama eksirei) sehemu kubwa ya uharibifu haitoki kwa elektroni moja kwa moja, inatoka kwa radikali za OH, vipande vya molekuli vyenye elektroni isiyo na mwenzake, zilizozaliwa kwa maji. Radikali zikiwa jozi, sumaku inaweza kugusa spini zao (hali inayofanya elektroni iwe kama kisumaku kidogo) na kubadilisha kama zitaungana tena au zitaachana, hiyo kemia inajulikana tangu miaka ya 1970. Lakini kemia ya kawaida ya Geant4-DNA haibebi spini, ni kama haijui sumaku iko. Kwa hivyo ikikuambia "hakuna tofauti" imejibu fizikia peke yake. Mimi sitarajii kitu kikubwa hapo, OH hupoteza spini yake haraka sana ndani ya maji, lakini kutotarajia si kupima.

Hatua ya 5: seli. Vikundi vinne: bila chochote, sumaku peke yake, mionzi peke yake, vyote viwili. Zote ziwe nyuzi joto 37. Hesabu nukta za gamma-H2AX (protini inayoonyesha mahali DNA imekatika nyuzi mbili) kama dakika 30 baada ya mionzi, na anayehesabu asijue slaidi ni ya kundi gani. Kwa jedwali lako andika dozi iliyopimwa kwa kila chupa, si ile uliyoagiza mashine itoe, na ukikosa hiyo safu usinitumie nisome.