Namna ya kuwaona gorila wa Hifadhi ya Kahuzi-Biega, mashariki mwa Kongo, ukitokea Bukavu

Hatua ya 1. Kabla ya kulipa chochote, uliza ofisi ya hifadhi kama njia ya Tshivanga, kituo kikuu cha hifadhi, ni salama na kama matembezi yanaruhusiwa, kwa sababu hali ya Kivu Kusini hubadilika na habari za mwezi uliopita hazikusaidii. Ukiwa na mafua au kikohozi, ahirisha safari, kwani gorila huambukizwa magonjwa yetu kwa urahisi.

Hatua ya 2. Ondoka mjini alfajiri kupitia kijiji cha Miti. Vaa shati la mikono mirefu, na uchomeke suruali ndani ya soksi kwa ajili ya siafu. Mabuti ya mpira ya soko la Kadutu yanafaa kuliko viatu vya michezo vya bei ghali. Wageni wengi hulitambua hilo wakiwa wamekwisha kuzama topeni.

Hatua ya 3. Wafuata nyayo huanzia pale familia ya gorila ilipoachwa jana, wakitafuta malalo yao. Omba msimame hapo, maana wengi hupapita mbio na kupoteza nusu ya utamu wa safari. Kila jioni gorila mkubwa hukunja matawi na majani akajitengenezea kitanda chake, na mtoto mchanga hulala na mama yake. Kwa hiyo kinyesi kikubwa na kidogo katika lalo moja ni dalili ya mzazi, na unywele wa rangi ya fedha ni wa dume kiongozi. Kisha tazama chipukizi la mwanzi lililotafunwa: likiwa bado linatoa maji, punguza sauti, kwa maana hawako mbali.

Hatua ya 4. Vaeni barakoa, mkae nyuma ya mwongozaji wenu, angalau mita 10 kutoka kwa wanyama. Atatoa sauti nzito ya chini, kama mzee anayesafisha koo, ili kuwajulisha kwamba mnakuja kwa amani. Dume akiwajia kwa kishindo, msikimbie. Chutameni na kuinamisha macho.

Hatua ya 5. Mna saa moja tu. Dakika kumi za mwanzo acha kamera mfukoni, uangalie pua: mikunjo yake hutofautiana kwa kila gorila, na ndivyo walinzi wanavyowatambua. Unapopiga picha, zima mwanga wa kamera. Muda ukiisha, rudini kinyumenyume polepole. Na dume akiwa ameketi katikati ya njia, subirini hadi aondoke mwenyewe.