Chakula cha mchana cha bei nafuu Korea: mwongozo kwa Mzanzibari

Mgahawa wa kutafuta ni ule mdogo wa mtaani, wenye meza sita saba na mama mmoja jikoni, na mlangoni pameandikwa 백반, yaani bekban. Huo ndio mlo wa kawaida wa mchana: bakuli la wali, supu au mchuzi mmoja, na visahani vinne hadi saba vya vitoweo vidogo viitwavyo banchan. Seoul bekban huenda kwa won 8,000 hadi 10,000 hivi. Bei iliyoandikwa ndiyo unayolipa. Kodi imo ndani na bakhshishi haipo.

Kwa aliyetoka Unguja au Pemba, cha kuagiza kwanza ni 생선구이 (sengson-gui), samaki wa kuchoma. Mara nyingi ataletwa godungo, jamaa yake kibua, kapasuliwa, katiwa chumvi na kuchomwa mpaka ngozi imekauka. Ana mafuta mengi kuliko kibua wa kwetu, na hapikwi kwa nazi. Wali wao hauna chumvi, unanata, na usiutie kasoro kwa hilo: chumvi yote imo kwenye samaki na banchan, kwa hiyo kijiko cha wali kinafuatana na kipande kidogo cha kitoweo. Anayemaliza samaki kwanza atabaki na wali usiolika.

Tabu iko kwa nguruwe, kwa sababu hajitokezi. Kimchi-jige, mchuzi mwekundu wa kimchi (kabichi iliyochachushwa na pilipili) unaonukia mtaa mzima, kwa kawaida hupikwa na nguruwe isipokuwa imeandikwa 참치 (jodari). Sundubu-jige ya tofu laini (maziwa ya soya yaliyogandishwa), hata ile ya vitu vya baharini, huenda ikaanzwa kwa nyama ya kusaga ya nguruwe ikaangwa na pilipili. Tambi nyeusi za jajangmyon zina nguruwe, na sunde ni utumbo uliojazwa damu. Busan nako supu maarufu ya wali ni ya nguruwe, kwa hiyo usiingie popote palipoandikwa 돼지국밥.

Kabla ya kukaa, angalia ukutani. Sheria inaulazimisha mgahawa kubandika ubao wa 원산지, unaosema nyama, mchele, kimchi na baadhi ya samaki vimetoka nchi gani. Ubao huo umewekwa kwa ajili ya mambo ya biashara, lakini kwa Muislamu una faida nyingine: ukiona 돼지고기, jikoni kuna nguruwe. Haimaanishi kila sufuria, ila kikaango na upawa huenda ni vile vile. Usipoliona neno hilo, hapo pana matumaini, na bado uulize. Hifadhi sentensi hizi kwenye simu uzioneshe:

돼지고기 못 먹어요 (dweji-gogi mot mogoyo): siwezi kula nguruwe.
돼지고기 들어가요? (dweji-gogi durogayo?): humu mna nguruwe?
술이나 미림 넣어요? (suri-na mirim no-oyo?): mnatia pombe au mirim (mvinyo mtamu wa mchele wa kupikia)?
햄 빼 주세요 (hem pe juseyo): usitie hemu (nyama ya nguruwe iliyosindikwa), tafadhali.

Sema "mot", siwezi, usiseme tu kwamba hupendi. Kwa anayesema hapendi, mpishi huchomoa vipande vya juu akakuletea mchuzi ule ule.

Swali la pombe lisirukwe. Mirim na soju, pombe kali ya Kikorea, hutiwa kukata harufu ya samaki, ngisi na pweza, hasa vinavyokaangwa na pilipili. Samaki wa kuchoma kwa chumvi ana nafuu, ingawa wapo wanaomloweka kabla. Hata gochujang, rojo la pilipili lililochachushwa la dukani, makopo mengi yameandikwa 주정, spiriti ya kuhifadhia. Hapo kila mtu na fatwa anayoifuata. Ng'ombe na kuku wa mgahawa wa kawaida hawakuchinjwa kwa sharia ya Kiislamu. Kwa hao nenda Itaewon, karibu na Msikiti Mkuu wa Seoul uliofunguliwa mwaka 1976, na ujiandae kwa bei ya juu kidogo.

Vinavyobaki si vichache. Kalguksu ya 바지락 ni tambi za kukata kwa kisu kwenye supu ya kombe. 콩나물국밥 (kongnamul-gukpap) ni wali ndani ya supu ya soya iliyochipua, asili yake Jeonju, mara nyingi kwa mchuzi wa dagaa. Joto likizidi kuna kong-guksu, tambi baridi kwenye maziwa ya soya. Bibimbap, wali wa kuchanganya na mboga, mara nyingi huja na nyama ya kusaga juu. Iombe iondolewe kabla haijapikwa. Pweza na ngisi wa pilipili ni wazuri, ila menyu ikiwa na 2인 huuziwa watu wawili kwenda mbele, kwa hiyo ukiwa peke yako utakataliwa.

Kwenye banchan utakutana na dagaa wakavu waliokaangwa kwa sosi ya soya na sukari, mchicha wa mafuta ya ufuta, na kimchi. Mwani nao huliwa, tena kila siku. Si ule wa Paje na Jambiani unaosafirishwa kwenda viwandani, ni aina nyingine nyembamba iliyokaushwa kama karatasi. Yai la kukunja likiwa na vidoa vya waridi, huenda ni hemu. Banchan huongezwa bure, ila ombeni kidogo kidogo, kubakisha sahani nzima ni aibu. Wali wa ziada ni kama won 1,000.

Wakati nao ni hesabu. Saa sita kamili maofisi yanamwagika, na mtu mmoja hakaribishwi meza ya wanne. Seoul adhuhuri huingia kati ya saa sita na robo na saa saba kasoro robo kulingana na msimu, kwa hiyo sali kwanza, uingie saa saba. Usichelewe sana: saa tisa hadi kumi na moja wengi hufunga jikoni.

Maji unajichotea. Kijiko na vijiti usipoviona mezani, vuta mtoto wa meza ubavuni. Wali na supu ni kwa kijiko, vitoweo kwa vijiti, na bakuli haliinuliwi. Ni la chuma na huunguza. Usichomeke kijiko wima ndani ya wali, wao hufanya hivyo kwa maiti. Mama mwenyeji umwite "imo", yaani mama mdogo, na ukiwa na mzee, asubiriwe aanze yeye. Bili hailetwi: chukua karatasi iliyo mezani uende kaunta, ukatoe kadi kwa mikono miwili.