Somo: Kuanzisha kikundi cha ngonjera na maigizo kwa vijana wa mtaani

Hili ni kwa yeyote mwenye kundi la vijana walioishia darasa la saba, kama hawa wetu wa Bagamoyo wanaoshinda ufukweni wakibeba ndoo za samaki. Hatua ni nne, ila ya tatu ndiyo yenye kazi.

1. Wafuate walipo. Usibandike tangazo. Nenda sokoni uwakute wakipara samaki, uongee nao hapohapo. Ratiba iifuate bahari: wavuvi wa dagaa wa taa hawatoki mbalamwezi ikiwa kali, basi siku hizo ndizo zenu. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa mapema, maana vijana na ngoma usiku huzua maneno.

2. Anzeni na ngonjera. Mathias Mnyampala aliieneza sana miaka ya 1960, na asiyejua kusoma huishika kwa sikio. Mizani nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho. Wahesabu kwa vidole.

Mbebaji: *Ndoo nazibeba mimi, faida waila wewe!*
Mwenye chombo: *Chombo nimekopa mimi, deni walijua wewe?*

Mnaona? Tajiri naye ana hoja. Akinyimwa hoja, hiyo ni hotuba tu.

3. Igeuzeni igizo, na msilimalize. Njia hii ni ya Mbrazili Augusto Boal. Chezeni mpaka mbebaji anapunjwa, mkate hapo. Rudieni tangu mwanzo; safari hii mtazamaji yeyote akisema "Simama!" anaingia nafasi ya mbebaji na kujaribu lake. Anayecheza tajiri asilegee upesi. Mwongozaji aulize hadhira: "Pale sokoni hili lingepita kweli?" Mtu akileta tajiri anayetubu ghafla, watu watacheka wenyewe. Hoja zilizosimama ziandikwe, zipelekwe kwenye mkutano wa mtaa. Wafadhili hupenda igizo liishe kwa "vijana tubadilike". Mimi hilo silikubali. Vijana wamehubiriwa vya kutosha.

4. Onyesho. Uwanja wazi, jioni, watu wazunguke. Mkianza kulipisha kiingilio, sajilini kikundi BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Wasichana wangu wanaona haya mbele ya wavulana.*
Marahaba, mwanangu. Wafanye mazoezi peke yao kwanza, na kisa wachague wao. Mradi wa TUSEME, ulioanzia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, ulikwenda hivyo: wasichana wa sekondari walichambua shida zao wenyewe, ndipo wakaziigiza.

*Kijana akisimulia yaliyompata, tuyaigize?*
Badilini jina, kazi na mtaa, na yeye asicheze nafasi hiyo. Kama ni ukatili, igizo lisubiri: nendeni dawati la jinsia la polisi, au pigeni 116 kama ni mtoto. Simu hiyo ni bure.

*Kaka, lazima tupitie TaSUBa, ile taasisi ya sanaa ya Bagamoyo?*
Si lazima, ndugu yangu. Ila wapeleke vijana kwenye tamasha lao la kila mwaka, wakaone wenzao wanavyosimama jukwaani.