Kanola na Fosforasi: Mbolea Iwe Karibu na Mbegu, Isiwe Juu Yake

Mkulima wa ngano anapopanda kanola, zao la mbegu za mafuta, kwa mara ya kwanza huja na mazoea ya ngano. Planta (mashine ya kupandia) ni ile ile, DAP (mbolea ya kupandia yenye virutubisho vya nitrojeni na fosforasi) ni ile ile, na kipimo ni kile alichokizoea: mfuko mzima kwa ekari, mbolea na mbegu zikishuka kwenye mfereji mmoja. Wiki mbili baadaye mistari inachomoza ikiwa na mapengo, na lawama zinaenda kwa aliyeuza mbegu. Chimbua mahali palipo na pengo kabla hujapiga simu. Ukikuta mbegu imevimba ikafia hapo hapo, au kijimzizi kimekuwa cha kahawia kwenye ncha badala ya kuwa cheupe, basi mbegu ilikuwa nzima ila mbolea imeiunguza.

Makala haya yanawalenga hasa wakulima wa nyanda za juu za Kenya, kwa mfano Timau kwenye miteremko ya Mlima Kenya au Mau Narok, ambako kanola hupandwa kwa zamu na ngano na shayiri. Zamu hiyo ina faida kubwa: inakata mzunguko wa magonjwa ya nafaka na inampa mkulima nafasi ya kupambana na magugu ya jamii ya nyasi ambayo ndani ya ngano hayashikiki. Lakini kanola ina tabia zake kuhusu fosforasi, na tabia hizo hazifanani na za nafaka.

Kwanza, mbegu ni ndogo mno. Mbegu 1,000 zina uzito wa gramu 3 hadi 5 hivi. Akiba ya fosforasi iliyomo ndani yake inamtosha mche kwa siku chache tu, kisha mzizi mchanga lazima uanze kujitafutia. Na fosforasi haitembei. Nitrojeni hushuka na maji, lakini fosforasi husogea milimita chache tu kutoka punje ya mbolea ilipoangukia, kwa hiyo ni mzizi unaoifuata. Ndiyo maana fosforasi ya kanola ni kazi ya siku ya kupanda. Kuirusha juu ya udongo mimea ikiwa na majani sita ni kuiwekea magugu na msimu ujao. Zile dawa za kunyunyizia majani zinazouzwa kwa jina la fosforasi nazo hubeba kiasi kidogo sana ukilinganisha na mahitaji ya zao, haziwezi kuwa mbadala wa mbolea ya kupandia.

Pili, mizizi ya kanola inajitegemea. Mimea mingi tunayolima, mahindi na maharagwe yakiwemo, hushirikiana na kuvu wa udongoni ambao hurefusha mkono wa mzizi na kuuletea fosforasi kutoka mbali. Kanola, pamoja na ndugu zake sukuma wiki na kabichi, haina ushirika huo kabisa. Badala yake huotesha vinyweleo vingi na virefu, kisha hutoa asidi, ile ya sitriki iliyomo kwenye ndimu na ile ya maliki, ambazo huyeyusha fosforasi iliyoshikwa na udongo. Kwa kazi hiyo ni hodari kuliko ngano. Majaribio ya Australia yameonyesha kwamba kanola hufikia karibu mavuno yake kamili kwenye udongo wenye kipimo cha fosforasi kilicho chini kuliko kile inachohitaji ngano. Kwa hiyo shamba ambalo limepewa DAP kila msimu wa ngano kwa miaka mingi huenda halidai fosforasi nyingi, linadai kiasi kidogo tu cha kumwamsha mche.

Kiasi gani basi?

Pima udongo kwanza. Chukua sampuli za kina cha sentimita 0 hadi 20 kutoka sehemu 15 au 20 za shamba, ukikwepa palipokuwa boma la ng'ombe, vichuguu na kona ambako mifuko ya mbolea hupakuliwa. Peleka kwenye maabara ile ile kila mara, kwa sababu maabara hutumia njia tofauti za kupima fosforasi, na namba ya njia moja haiwezi kulinganishwa na ya nyingine. Mkulima anayelinganisha karatasi mbili za maabara mbili anaweza kudhani udongo wake umeharibika, kumbe kilichobadilika ni njia ya kupima.

Kisha piga hesabu ya kile mavuno yanachoondoa. Kila tani ya mbegu za kanola huondoka na kilo 5 hadi 7 za fosforasi, ilhali tani ya ngano huondoka na kilo 3 hivi. Ukilenga tani 2 za kanola kwa hekta, shamba linapoteza kilo 10 hadi 14. Mfuko wa DAP wa kilo 50 una kilo 23 za fosfeti (ile asilimia 46 iliyoandikwa kwenye mfuko), na ukizidisha fosfeti kwa 0.44 unapata fosforasi yenyewe, yaani kilo 10. Kwa hiyo ili kurudisha tu kilichoondoka unahitaji mfuko mmoja hadi mmoja na nusu kwa hekta, ambayo kwa ekari ni karibu nusu mfuko. Kama vipimo vinaonyesha udongo wenye akiba nzuri, hicho kinatosha. Kama udongo ni maskini, ongeza, lakini nyongeza hiyo usiipitishe kwenye mfereji wa mbegu.

Sehemu kubwa ya fosforasi ya kanola huishia kwenye mbegu, si kwenye mabua. Kuacha mabua shambani kuna faida nyingi, ila usijidanganye kwamba mabua yatakulipia deni la fosforasi.

Mahali pa kuiweka

Hapa ndipo pesa nyingi zinapotelea. DAP inapoyeyuka hutoa amonia, na amonia ni sumu kwa kijimzizi. Juu ya hayo, chumvi ya mbolea huvuta maji ambayo mbegu ingeyanywa. Ngano huvumilia kiasi fulani, kanola haivumilii. Hatari huongezeka udongo ukiwa mkavu, ukiwa na mchanga mwingi, au mistari ikiwa mbali mbali. Hili la mistari wengi hawalifikirii: mfuko mmoja wa DAP kwa ekari, mistari ikiwa na nafasi ya sentimita 15, huacha karibu gramu 2 za mbolea kwa kila mita ya mfereji. Panua mistari hadi sentimita 30 na mita ile ile inabeba karibu gramu 4, ingawa mfuko kwa ekari ni ule ule mmoja.

Mpangilio bora ni mbolea kukaa sentimita 3 hadi 5 pembeni mwa mbegu na chini yake kidogo, huku mbegu ikiwa kwenye kina cha sentimita 2 hivi. Mzizi huifikia mapema bila kuungua. Kama planta yako ina mdomo mmoja tu, yaani mbegu na mbolea hushuka pamoja, usizidishe kilo 20 za DAP kwa ekari kwenye mistari ya sentimita 15 na udongo wenye unyevu wa kutosha. Mistari ikiwa ya sentimita 30, punguza nusu. Udongo ukiwa mkavu nawe unasubiri mvua, usiiweke kabisa pamoja na mbegu. TSP, mbolea nyingine ya fosforasi, ni salama zaidi kwa sababu haina nitrojeni ya kutoa amonia, na MAP, ndugu ya DAP yenye nitrojeni kidogo zaidi, inaumiza kidogo kuliko DAP. Mbolea iliyobaki pitisha na planta bila mbegu kabla ya kupanda, iingie chini ya mahali mistari itakapokuwa.

Kuna pia mtindo wa kuchanganya mbegu za kanola na mbolea kwenye sanduku la planta, kwa kuwa mbegu ni ndogo na sanduku la ngano linazimwaga. Kama huna namna nyingine, changanya kiasi cha kumaliza muda huo huo. Mchanganyiko uliolala usiku kucha stoo unanyonya unyevu wa hewa, na asubuhi unapanda mbegu zilizokwisha kufa.

Kwenye mashamba yasiyotifuliwa, fosforasi ya miaka mingi hujikusanya kwenye sentimita chache za juu. Kipimo cha maabara kitaonyesha ipo tele, lakini tabaka hilo likikauka mzizi hauwezi kuichukua. Hapo kuweka mbolea chini kidogo kuna maana hata kama karatasi inasema udongo umeshiba.

Udongo wenyewe

Udongo wa majivu ya volkano, kama ulivyo sehemu nyingi za Mau Narok na miteremko ya Mlima Kenya, hushika fosforasi kwa nguvu. Udongo mwekundu wenye asidi nao hufanya hivyo kupitia madini ya chuma na alumini. Kwenye udongo wa namna hii, mbolea iliyorushwa na kutawanyika hugusana na udongo mwingi na kufungwa haraka, ilhali iliyowekwa kwenye mstari hubaki na nguvu. Kama pH (kipimo cha asidi ya udongo, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) iko chini ya 5.5, weka chokaa ya kilimo kwanza, miezi kadhaa kabla ya kupanda. Itapunguza sumu ya alumini kwenye mizizi, na pia itapunguza makali ya ule ugonjwa unaovimbisha mizizi ya kabichi, ambao kanola huupata vile vile. Kwa sababu hiyo hiyo, usipande kanola mahali palipotoka kabichi.

Fosfeti ya mawe kutoka Minjingu, mkoani Manyara huko Tanzania, ni chaguo zuri kwenye udongo wenye asidi, kwa kuwa asidi ya udongo pamoja na ile ya mizizi ya kanola husaidia kuiyeyusha. Kwenye udongo wenye pH ya 6.5 inakaa kama kokoto. Usiinunue kwa sababu tu bei yake inavutia.

Usiamini kila zambarau

Kanola yenye njaa ya fosforasi hudumaa, majani huwa ya kijani kizito chenye ubuluu, na rangi ya zambarau huanza kwenye majani ya chini. Shina huwa jembamba, matawi machache, maua huchelewa. Lakini usiku wa baridi wa nyanda za juu nao hutia majani zambarau, na ukosefu wa salfa pia, ingawa salfa huanzia majani machanga, yanayojikunja kama kikombe, na baadaye maua hutoka yamepauka. Nenda kwenye kichwa cha shamba ambako trekta iligeuka na mbolea ikamwagika mara mbili. Kama mimea ya hapo ni mirefu na imejaa kuliko ya katikati, shamba lina njaa ya mbolea. Kama zote zina zambarau sawa na siku za jua zikaiondoa, ilikuwa baridi. Msimu ujao acha ukanda mmoja bila fosforasi na mwingine wenye kipimo mara mbili, kisha uvune kila ukanda peke yake na kuupima.

Zao linalofuata

Kwa kuwa kanola hailishi kuvu wa mizizini, idadi yao hupungua shambani msimu ambao kanola imekaa. Mahindi yanayofuata hukuta udongo usio na wasaidizi, na ndipo unapoona miche ya mahindi ikiwa ya zambarau na kudumaa kwenye shamba ambalo maabara imesema lina fosforasi ya kutosha. Mahindi baada ya kanola yapewe mbolea ya kupandia karibu na mbegu bila kupunjwa, hata kama kanola iliacha akiba. Ngano haitegemei kuvu hao kiasi hicho, tena hunufaika sana na mapumziko ya magonjwa. Kama fedha za mbolea ni chache, ngano ndiyo ifuate kanola, mahindi yasubiri msimu wa baadaye.