Ukienda shamba Pemba, panga kurudi kwanza

Kichwa cha cherehani ya chuma kina uzito wa kilo kumi na kitu, na kikitumbukia kwenye bonde la mpunga lililojaa maji, kukitoa si kazi ya mtu mmoja. Nalijua hilo kwa sababu kimoja kilinitumbukia.

Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani. Kibanda changu kipo Chake Chake, lakini nusu ya kazi iko shamba. Ukiingia mwezi wa Shaabani simu hainyamazi: huyu mashine yake inaruka mishono, yule inakata uzi, na pesa za watu za nguo za Sikukuu zimeshaliwa. Kwa hiyo huwafuata huko huko. Nimefanya hivyo miaka 23, kwa gari, boda, gari ya ng'ombe, mashua na miguu, na kosa ninaloliona kila siku ni moja: mtu anachagua chombo cha kumfikisha, hafikirii cha kumrudisha.

Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 67 hivi, na mgeni huona atakimaliza kwa siku. Ramani haimwoneshi mipando. Upande wa magharibi ni kilima, bonde, kilima, bonde, na hori za bahari zimeingia ndani. Unamwona mtu ng'ambo anaanika karafuu, ukimpungia mkono anakupungia, na kumfikia ni saa nzima.

Daladala za barabara kuu, Chake kwenda Mkoani, Wete au Konde, hazina maneno. Maneno yako kwenye njia za matawi. Gari ya shamba mara nyingi hulala shamba: asubuhi inaleta watu mjini, mchana inawarudisha. Wewe wa mjini unapanda wakati wenzako wanarudi makwao, na ukishashuka, ile gari ndiyo imeshafika kwao. Basi usimuulize utingo "mnaondoka saa ngapi?" Muulize, "Ya mwisho kutoka kule inatoka saa ngapi?" Akianza kuangalia pembeni, jua hakuna. Siku ya Ijumaa uliza mara mbili.

Boda inafika karibu kila mahali, na ndiyo maana watu huiamini kupita kiasi. Kiangazi sawa. Masika, kuanzia Machi mpaka Mei, tazama udongo. Kinamo kikilowa ni sabuni. Mimi huangalia boda zinazotoka huko ninakokwenda: matope yakiwa yamejaa baina ya tairi na madigadi mpaka tairi linasagika, hiyo njia sipandi na mzigo. Siku ya msiba wangu niliyaona matope hayo nikanyamaza. Kijana akaniambia, "Ami, wewe shikilia tu." Nikashikilia. Kwenye mteremko tairi la nyuma likaja mbele, sisi tukabaki kwenye majani bila hata mchubuko, mashine ikaendelea na safari peke yake mpaka bondeni. Tuliitoa watu watatu, na nikamlipa mwenyewe mashine nyingine. Tangu siku ile nikifika mteremko wenye kinamo nashuka, nabeba mzigo wangu, dereva ananingoja chini. Wengine hucheka. Na wacheke.

Kaskazini, ukitoka Konde ukapita msitu wa Ngezi kuelekea Makangale, mambo yanageuka. Huko kuna mchanga, na mchanga mkavu ndio unaomeza tairi. Mvua ikipita kidogo unashikamana na unapita vizuri zaidi kuliko jua kali.

Micheweni ni mawe. Vaa kiatu cha soli ngumu, si kandambili. Huko ndiko nilikojifunza kuiheshimu gari ya ng'ombe. Haina haraka, lakini haitelezi, na ukiilaza mashine juu ya makumbi ya nazi haitikisiki sana. Ila fikiri: mwenye gari anakwenda kuchukua mawe au kuni. Kwenda iko tupu, atakupakia kwa furaha. Kurudi imejaa, na wewe utatembea nyuma ya ng'ombe.

Sasa visiwa vidogo: Kisiwa Panza kupitia Chokocho, Fundo kutoka Wete, Kojani upande wa mashariki. Hapa anayepanga ratiba ni mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kiasi cha saa nne. Kila siku inayofuata hujongea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa mtu mwenye kazi ya siku moja, bamvua ni neema akiwahi: panda chombo mapema, maji hayajakimbia, fanya kazi mchana, rudi Alasiri maji yako juu. Ukichelewa ukafika bandarini saa nne, utakuta mashua imekaa kwenye tope na njia yako ni baina ya mikoko, tope la magotini, mashine begani. Siku za maji mafu bahari haipwi sana, kwa hiyo hesabu si kali hivyo. Kusi likivuma, hasa Juni na Julai, msikilize nahodha. Akisema leo hapana, usimwongezee nauli ili abadili neno.

Ndani ya chombo mashine isikae kwenye ngama, pale chini maji yanapojikusanya. Iweke juu ya ubao, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili. Ikirushiwa maji ya chumvi, ioshe kwa maji ya kisima siku hiyo hiyo, ikaushe, itie mafuta kila tundu. Ukisema kesho, kesho gurudumu halizunguki.

Hatua ya mwisho karibu kila safari ni miguu, na kwa miguu hakuna kama mtenga: kichwa cha mashine ncha moja, sanduku la spana ncha nyingine, mti begani. Ukibeba kila kitu mkono mmoja, kilima cha pili utakilaani.

Kwenye sanduku hilo huweka pia kikoi na mswaki. Ramadhani iliyopita nilikwenda Makangale kwa mashine moja. Nilipomaliza, bibi wa jirani akaja na yake, Alasiri ikapita, gari ya mwisho ikaondoka naisikia honi. Nikafuturu pale, nikatandikiwa mkeka barazani, na mashine zote mbili zikashona mpaka daku.