Mgonjwa akisema "daktari anichome sindano nipumzike", kikao cha ukoo mkiendeshe hivi

Kamwene wana Iringa na wengine wote. Babu yetu huku Kilolo ana kansa ya tezi dume ishaingia kwenye mifupa, siku moja akasema mwambieni daktari animalizie tu, basi vijana wakadakia mbona Ulaya inaruhusiwa, kikao kikawa vurugu.

Kwanza msianze na sheria, anzeni na maumivu. Usimuulize "unaendeleaje" maana wazee wetu hata wakizidiwa watakwambia hawajambo, muulize usiku analala saa ngapi, akigeuka panauma wapi. Babu alikuwa anapewa panadol jamani, panadol kwa kansa ya mifupa!! Ulizeni hospitali habari ya tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, na morfini ya maji, ile ya kunywa. Babu alivyoanzishiwa, siku ya tatu kaulizia ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Pili mjue mnabishania nini. Mgonjwa kukataa dripu au mashine ambayo haimsaidii tena sio kujiua, na morfini inayotolewa kwa kipimo kutuliza maumivu sio kuua. Kinachobishaniwa ni daktari kutoa dawa makusudi ili mtu afe, na hapa kwetu kumsaidia mtu kujiua ni jinai, ipo kwenye Kanuni ya Adhabu, kwahiyo msije mkamnong'oneza nesi mkamponza bure.

Anayetaja nje aeleze vizuri. Uholanzi sheria ilianza 2002. Oregon kule Marekani ni 1997, na lazima madaktari wawili wakubaliane kwamba mgonjwa hana zaidi ya miezi 6, halafu dawa anakunywa mwenyewe. Hoja ya "mwili wake, aamue mwenyewe" ni nzito, msiicheke. Ila mimi naogopa sheria kama hiyo ije kwetu, huku bili inalipwa kwa kuuza ng'ombe, utajuaje mzee kachoka kuumwa au kachoka kuwaona mnafilisika?

Hilo mtume mtu amuulize faraghani, na asiwe mtoto mkubwa, awe mjukuu anayetaniana naye. Wetu alimjibu mjukuu: "mnauza shamba la viazi la bibi yenu kwa ajili ya kiuno changu."

Toka siku hiyo daftari la michango linakaa kwa baba mdogo, na hesabu tunapigia kwake jikoni.