Jinsi ya kuomba nakala ya faili la shamba la mlowezi wa Marekani

Sheria ya Mashamba ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 akikaa na kulima miaka 5. Mafaili ya walowezi hao yanatunzwa na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Washington, na yanaombwa kwa fomu NATF 84.

Kabla ya kugusa fomu, tafuta hati miliki, yaani karatasi ya serikali iliyompa mlowezi ardhi, kwenye glorecords.blm.gov, tovuti ya serikali ya kumbukumbu za ardhi, bure. Jina lisipotokea, jaribu tahajia nyingine. Makarani waliandika walivyosikia. Usihangaike na Texas, ardhi yake haikuwa ya serikali kuu.

Wengi hukwama kwenye namba. Ukurasa wa hati una namba kadhaa. Ile inayoanza na herufi za jimbo huonyesha tu kitabu na ukurasa ilikotoka picha ya hati. Kwa hati za kabla ya Julai 1908, andika namba ya waraka, jimbo na ofisi ya ardhi, kwa sababu kila ofisi ilikuwa na mfululizo wake wa namba. Baada ya hapo mfululizo ni mmoja nchi nzima, na namba ya hati miliki inatosha.

Usikisie ofisi kwa kuangalia mji ulio karibu. Shamba la Daniel Freeman, aliyejiandikisha siku sheria ilipoanza kutumika, 1 Januari 1863, liko jirani na Beatrice, Nebraska, lakini lilisajiliwa katika ofisi ya Brownville. Nakili pia seksheni, taunishipu, renji na meridiani, yaani vipimo vinavyoonyesha shamba liko wapi, bila kuruka herufi; kaskazini ikigeuka kusini, hilo ni shamba la mtu mwingine.

Malipo yamekuwa dola 50 kwa faili, kwa hiyo angalia kwanza kama limeshawekwa mtandaoni. Mafaili ya Nebraska yapo.

Na gharama hiyo ina thamani yake. Hati miliki ni karatasi moja; faili lina ushahidi wa majirani wawili na, kwa mhamiaji, karatasi za uraia. Mashahidi wa Freeman walieleza nyumba ya futi 14 kwa 20, milango 2, madirisha 2, miti 40 ya matufaha na ya mapichi kama 400.

Aliyeshindwa kumaliza miaka yake hakupata hati, hivyo tovuti haitamwonyesha. Mtafute kwenye vitabu vya viwanja, yaani daftari za maombi ya kila kipande cha ardhi, vilivyopo FamilySearch, tovuti ya kutafuta historia ya familia; vimepangwa kwa eneo badala ya jina. Faili lake la ombi lililofutwa nalo huombwa kwa fomu hiyohiyo.